Chupa za Minza na Maabara Iliyopoteza Ithibati

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya maabara ambayo sijawahi kuiona. Kazi yangu ni kuchukua mkojo wa wanariadha ili upimwe kama una dawa zilizokatazwa michezoni. Nchini hatuna maabara yenye ithibati ya kazi hiyo, kwa hiyo chupa zetu hupelekwa nje. Mkojo wa Minza, mkimbiaji wa mbio ndefu wa Dutwa, ulipelekwa hivyo. Kabla majibu yake hayajatoka, maabara ile ikasimamishiwa ithibati. Chupa zikabidi zihamishiwe maabara nyingine, nami nikaagizwa nimfuate Minza, bila kumpa taarifa, nichukue mkojo mwingine.

Baada ya Lamadi, basi lilipokuwa likipita Dutwa, jirani yangu, mnunuzi wa pamba, alinionyesha uwanja. Akasema pale ndipo anapofanyia mazoezi yule binti aliyekamatwa na dawa. Nikamuuliza amekamatwa na nani. Akanijibu kwamba angekuwa safi, majibu yangekwisha kutoka. Nikageukia dirisha, maana sheria hainiruhusu kumzungumzia mwanariadha. Nililala Bariadi, lakini usingizi haukuwa usingizi.

Asubuhi na mapema nilirudi Dutwa kwa bodaboda. Minza alikuwa uani akifunga kamba za viatu, mama yake akifagia. Nilisalimu, "Mwangaluka," naye mama akaitikia vizuri, mpaka alipoliona boksi langu la barafu. Ufagio ukasimama.

Nilieleza kilichonileta. Minza akasema hatoi. Kambi ya timu iliyokuwa ikijiandaa na mashindano ilikuwa imeanza bila yeye, kwa sababu majibu yake yalichelewa na viongozi waliogopa aibu. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimwambia nikiwa nje kwamba kukataa kupimwa kunahesabiwa sawa na kukutwa na dawa, na kwamba atafungiwa kushindana kwa miaka kadhaa. Baba yake akatoka zizini na fimbo, akasimama kati yangu na mlango. Hakuinyanyua, ila aliniambia niende zangu, binti yake si ng'ombe wa kukaguliwa kila mnada. Nikarudi hatua moja nyuma, lakini sikuondoka.

Mama akauegemeza ufagio ukutani, akaniuliza:

"Hiyo maabara nayo, nani huipima?"

Nikamweleza kwamba wakaguzi huipelekea chupa ambazo wao wanajua kilichomo, yenyewe haijui. Ikikosea, hunyang'anywa ithibati.

"Na hii ilikosea?"

"Ilikosea, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Basi aliyefeli ni maabara, na anayekaa nyumbani ni mwanangu."

Niliwaomba radhi kwa nafsi yangu, kwani hakuna aliyenituma niombe.

Mlango ukafunguliwa. Minza akasema atatoa, lakini niende naye uwanjani. Atawaeleza wenzake yeye mwenyewe yaliyotokea, nami niseme tu kama ni kweli. Niliwaza. Habari ya maabara ilikwisha kutangazwa, na habari zake zilikuwa zake kuzisema. Nikakubali.

Alikunywa maji, tukasubiri hadi jua likawa kali. Mkojo ulipopatikana, aliugawa katika chupa mbili, akazifunga mwenyewe, kisha akajaribu kuzifungua kwa nguvu, aone kama zinafunguka. Hazikufunguka.

Uwanjani wakimbiaji walisimama kumtazama. Alizungumza kwa Kisukuma, polepole, bila kulia. Alipomaliza, macho yote yakanigeukia.

"Ni kweli," nilisema.

Kisha msichana mmoja akasogea pembeni, akamwachia nafasi kwenye mstari, wakaanza kukimbia.

Njia nzima ya kurudi Mwanza nililipakata boksi, nikiogopa barafu isiyeyuke, nikiogopa zaidi kwamba maabara mpya nayo ingekosea. Nililikabidhi kwa safari ya ndege nikiwa nimechoka kama niliyekimbia mimi.

Majibu ya chupa zote, za kwanza na za pili, yalikuja safi. Nilipopiga simu, mama alipokea, akashukuru, kisha akaniambia kwamba timu ilikwisha kusafiri kwenda mashindanoni bila Minza.

Zamani nilidhani kazi yangu inaishia chupa zinapofungwa. Siku hizi humwambia kila mwanariadha chupa zake zinakwenda maabara gani, na kwamba kuchelewa kwa majibu si hukumu. Minza bado anakimbia. Ameshinda mbio nyingine tangu hapo, lakini zile zilizompita hakuna maabara iliyoweza kumrudishia.