Mstari wa Tatu kwenye Jeli

Asubuhi hiyo nilipanda boda kutoka mtaani kwangu Kyebando nikimwomba Mungu tumbo liniume, nipate sababu ya kurudi nyumbani. Halikuuma. Tumbo langu halijawahi kunifaa siku ninayolihitaji.

Kwa miaka miwili maabara yetu ilikuwa ikisaka protini zinazounda kimeng'enya kimoja cha vimelea vya malale, kile kinachokarabati ncha za kromosomu ili zisiishe kidogo kidogo kila seli inapogawanyika. Mbili tulizijua. Ya tatu niliiona mimi: mstari mwembamba kwenye jeli, ule utando laini unaotenganisha protini kuwa mistari, chini ya mistari ya zile mbili. Daktari, mkuu wetu, Mnubi asiyecheka ovyo, alinipongeza mbele ya watu wote. Sasa ripoti ya ugunduzi huo ilikuwa iende kwa wafadhili kesho yake.

Shida ni kwamba jana yake, nikiosha vyombo nyumbani, nilikumbuka kitu. Siku ya jeli ile glavu zilikuwa zimeisha, nami nikatayarisha chupa ya maji ya chumvi ya kuchanganyia sampuli kwa mikono mitupu. Ngozi ya mtu nayo ina protini yake, na huchora mstari papo hapo. Huenda tulikuwa tunashangilia kidole changu.

Njia ya kujua ilikuwa moja: kurudia kazi yote kwa chupa ileile, bila vimelea. Nikafanya. Nikaitia jeli rangi ya fedha inayoonyesha mistari, nikaisimamia kwenye trei. Usitokee, mstari, nikaomba, tafadhali usitokee. Ukatokea.

Nikawaza kufukuzwa, nikawaza basi la kurudi Kenya. Lakini mficha uchi hazai. Nikabeba trei hadi ofisini kwa Daktari, nikaeleza yote.

Daktari aliitazama jeli. Hakufoka.

"Hii kitu, nani ingine ameona?" akauliza kwa upole.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa upole ule sikuwa nimejiandaa, na ndio ulionitisha kuliko yote.

"Ripoti inaenda kesho," akasema. "Wewe mwaga hii. Tutaangalia baadaye."

Mdomo ukanitangulia.

"Watu wote wameona, Daktari."

Hakuna aliyekuwa ameona. Nikainyanyua trei kutoka mezani kwake, maji yakinimwagikia viatuni, nikatoka mbio kwenda kuwaonyesha.