Asali Iliyoonjwa

Edna huwaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Lanham, Marekani. Kwa miaka mitatu, siku zake za mapumziko amezimaliza akibisha milango ya maduka na chupa ya asali mkobani. Yeye ni wa jamii ya Ogiek, kutoka msitu wa Mau. Kikundi cha mama yake huchuja asali, dalali huinunua kwa bei ya kutupa, kisha huibandika jina lake mwenyewe. Edna alitaka kitu kimoja tu: ifike Marekani ikiwa na jina la wenyewe.

Mimi, rafiki yake, nilimjazia fomu. Mwishowe Akilah, Mmarekani mweusi mwenye duka katika mji jirani wa Laurel, aliyejifunza Kiswahili chuoni, akakubali chupa mia mbili za majaribio.

Maboksi yalifika dukani Jumanne asubuhi, mimi na Edna tukiwepo. Akilah akainua chupa ya kwanza. Utepe wa kifuniko ulikuwa umekatwa. Ya pili vilevile. Zote.

"Dada Edna, nani amezifungua?"

Edna alishajua. Kwa mama yake, anayekupa asali huionja kwanza mbele yako, ujue hakutia kitu. Akapiga simu, akaiweka kwenye spika tusikie sote.

"Tumeonja kila chupa, mwanangu," mama alisema. "Violet, mwenzetu kikundini, analia na jino mpaka leo kwa ule utamu. Mwambie mgeni wetu asiogope."

"Shikamoo, mama. Asante sana," Akilah alisema, kisha akamgeukia Edna na kunong'ona. "Siwezi kuiuza, dada. Chakula kilichofunguliwa hakiingii rafuni. Na mwenzangu dukani alikubali mara hii moja tu."

Kurasa arobaini za masharti nilizitafsiri mimi. Vipimo vya unyevu, ukubwa wa herufi, unene wa kioo. Hakuna mahali palipoandikwa: msionje. Tunahubiriwa kwamba dunia sasa ni soko moja. Ni soko gani hili, ambamo ukithibitisha uaminifu wako unafukuzwa?

"Edna, upo?" mama aliuliza. "Dalali anakuja Alhamisi. Nimwambie safari hii hapati?"

Edna alipitisha kidole juu ya kibandiko chenye jina la kikundi. 

"Muuzieni, mama."

"Na chupa zilizobaki hapa, ambazo tumeshazibandika jina letu?"

"Zilowekeni kwenye maji ya moto," Edna alisema. "Litabanduka."