Makochi Nje, Mikeka Ndani

Makochi yetu yalikaa kibarazani miezi mitano, yamefunikwa turubai, na aliyeyatoa ni mimi. Hatukuwa na msiba wala hatukuwa tunapaka rangi. Niliyatoa kwa sababu yalikuwa yameziba njia ya sauti. Nusura yamkoseshe binti yangu mume.

Nilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini kwenye mitambo ya maji kule Ruvu, chumba cha pampu. Mtu anayeshinda na pampu muda wote huo masikio yake hayabaki kama alivyozaliwa nayo. Mke wangu husema mimi na masikio yangu tulistaafu siku moja. Kwa hiyo mtu wa mwisho katika Kibaha nzima aliyestahili kununua deki ya sauti safi kupita zote ni mimi, na ndiye niliyenunua.

Niliipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake Dar es Salaam ili arudi kwao. Nilipakia kwenye kirikuu deki yenyewe, amplifaya nzito kama mfuko wa saruji, spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na CD kumi na mbili. Kwa macho ni CD kama nyingine yoyote. Lakini yule mgeni alinieleza kwamba hizi zimebeba sauti nyingi zaidi, mpaka vile vitu vidogo ambavyo CD za kawaida huviacha: kidole kikiteleza kwenye uzi, kiti kikilia, mpigaji akivuta pumzi. Akanichezea kidogo. Nikasikia mtu anahema mbele yangu na hayupo. Nikatoa kiinua mgongo changu, sehemu ambayo mke wangu alikuwa ameitengea paa la jiko la nje.

Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu. Kilisema spika mbili na kichwa cha msikilizaji lazima vifanye pembetatu yenye pande sawa. Pembetatu sikuzigusa tangu kidato cha nne, lakini nilichukua kamba na chaki nikaichora sakafuni, na kwenye ncha yake nikaweka kiti cha plastiki. Kijitabu kikasema tena upige makofi chumbani usikilize kama kuna mwangwi. Nikasimama katikati ya sebule nikapiga makofi. Mke wangu akachungulia.

"Unamshangilia nani?"

"Napima mwangwi."

"Haya. Ukishaupima uniambie kilo ngapi."

Mwangwi ulikuwepo, kwa sababu ya vigae. Nikaenda Mlandizi nikanunua mikeka, nikaitandika ukuta kwa ukuta. Nikatundika mablanketi ukutani. Makochi yakatoka. Likabaki kabati la vyombo, lenye vikombe ambavyo mama mkwe alimpa mke wangu siku ya harusi yetu. Kila sauti nzito iliposhuka chini, vikombe viligongana. Nikalisukuma kabati mpaka chumbani kwa binti yetu, kitindamimba, anayeuza katika duka la dawa Mlandizi. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia kitandani kwake ubavuubavu.

Kisha nikaanza habari ya kidole. Mtu akiingia sebuleni wakati muziki unapigwa, nilimwinulia kidole cha shahada, maana yake ngoja. Jirani alikuja kuazima jembe, nikamwinulia kidole, akaenda kuazima kwingine. Nadhani miezi ile nilikiinua kidole hicho mara nyingi kuliko nilivyokiinua kwenye swala, Mungu anisamehe. Nyumba nzima ikawa inanong'ona.

Alhamisi moja binti yangu alisimama mlangoni. "Baba, kuna jambo."

Nikainua kidole.

"Ni la Jumamosi, baba."

Nikainua tena. Alisubiri wimbo uishe, amesimama, ameshika kizingiti. Ulipoisha, mimi nikabonyeza rimoti ukaanza mwingine, naye akaondoka. Mabinti wa kwetu hawamfuati baba kumweleza habari kama ile kwa mdomo wao. Alikuja mwenyewe kwa sababu mama yake alikuwa ameshanieleza mara mbili, nami mara zote mbili nimejibu "sawa" bila kusikia. Hayo mengine naweza kuyacheka leo. Hilo la kumsimamisha pale mlangoni bado silicheki.

Jumamosi ikafika. Baada ya adhuhuri mke wangu na binti walikuwa jiko la nje wakikaanga sambusa. Niliona sambusa ni nyingi mno kwa watu watatu, sikuuliza. Nikafunga mapazia, nikaweka CD niliyoipenda kuliko zote. Ni mtu mmoja tu na fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti. Hakuna ngoma wala mwimbaji. Fidla inaburuta sauti polepole kama mtu anayelia kwa heshima, na kila anapopumzika unamsikia mpigaji anavuta pumzi kwa pua, fyuu, utadhani yuko nyuma ya blanketi lako. Machozi yakaanza kunitoka kama kawaida.

Nilipofumbua macho, wazee watatu wa kanzu na kofia walikuwa wamesimama mlangoni. Kama walipiga hodi, sikusikia. Kwa miezi nilikuwa nimewaalika watu wa kijiwe cha kahawa waje wasikilize na hakuna aliyekuja, nikadhani sasa wametuma wenzao nisiowajua. Nikainua kidole, nikawaonyesha mikeka.

Sasa jiweke mahali pao. Wametoka Kisarawe. Wamefika, wamekuta makochi yako nje. Ndani mikeka imetandikwa chumba kizima, mapazia yamefungwa, ukuta hauna hata picha, na mzee mwenye nyumba amekaa peke yake anatokwa na machozi. Nyuma ya blanketi mtu analia na kuvuta kamasi. Na mama wa nyumba haonekani. Ukanda wetu huu wote, nyumba ikiwa hivyo, hakuna anayeuliza kuna nini.

Wakavua viatu, wakaketi. Mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye bakora, alikuwa akiligeukia lile blanketi kila pumzi ilipovutwa. Mwenzake alitaka kumnong'oneza, nikainua kidole, akanyamaza. Wimbo ulipoisha, yule mzee alifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Pole sana, mzee mwenzangu."

"Ahsante," nikamjibu. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepata mtu wa kuguswa kama mimi.

Akasogea karibu. "Na mama wa nyumba?"

Wimbo wa pili ulikuwa unaanza na sikutaka kuuharibu kwa maneno. Nikaonyesha kwa mkono kule nyuma, jikoni alikokuwa.

Huko Kisarawe watu wengi huzikwa nyuma ya nyumba zao. Wale wazee walitazamana. Wakainua mikono wakaomba dua, nami nikainua, nikiona ni watu wa adabu kweli. Walipoondoka, mwenye bakora alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona pembe ya bahasha ikichungulia mfukoni mwake, akaisukumia ndani.

Haikupita nusu saa, nikasikia sauti ya binti yangu huko nyuma, yuko kwenye simu.

"Usilie, hebu sema vizuri. Mama yupi? Mama yangu? Si huyu hapa anageuza sambusa!"

Mke wangu akaingia na mwiko mkononi, akaja kusimama katikati ya spika mbili, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kusimama.

"Eti nimekufa."

"Nani kasema?"

"Washenga. Wamempigia kijana wao simu wakiwa njiani. Nimekufa na nimeshazikwa, hapo nyuma, karibu na jiko. Angalau ungenizika chini ya paa uliloniahidi."

"Washenga gani?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kizingiti kilekile.

"Nilikuja Alhamisi, baba," akasema.

Nilizima deki. Ilikuwa mara ya kwanza kuizima wimbo ukiwa katikati.

Jioni ile habari zikaja kwamba yule mzee mwenye bakora, ambaye ndiye mshenga, amekasirika. Amelizwa bure, amemwombea dua mtu mzima wa afya, na barua ya posa haipeleki tena kwenye nyumba ile. Kijana mwenyewe alikuwa anabembeleza, lakini mshenga ni kaka wa babu yake, na kwao akisema yeye hakuna wa kumpita. Binti yangu hakula usiku huo. Alilala nyuma ya kabati langu.

Asubuhi nikamwambia mke wangu kwamba nakwenda Kisarawe kuomba radhi.

"Tunakwenda wote," akasema. "Mimi ndiye marehemu. Lazima nionekane."

Tulikodi gari, tukabeba zile sambusa kwenye ndoo yenye mfuniko. Tulipofika kwa akina kijana, tulikuta wanawake uani na masufuria makubwa. Taarifa ya kufa ilikuwa imesambaa mbali zaidi kuliko taarifa ya kutokufa, na baadhi yao walikuwa wamekuja na unga wao kwa ajili ya safari ya kuja kwetu kuhani. Bibi yake kijana, kikongwe mwenye sauti kuliko wote, alimtazama mke wangu akiteremka garini.

"Marehemu mwenyewe huyu? Mbona kanawiri hivi?"

"Nimewahi ubwabwa wangu, mama, kabla hamjaumaliza."

Uani kote wakacheka, wakamchukua mke wangu kwao. Mimi sikuchekewa. Nilipelekwa kwenye ukumbi wa makuti kwa mshenga, aliyekuwa ameketi na bakora yake akitazama upande mwingine.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba," akajibu, bado anatazama kulekule.

Nikamweleza yote. Kijitabu, pembetatu, makochi, kidole. Nikamwambia kwamba mke wangu alinieleza habari ya ugeni mara mbili, na binti yangu mwenyewe alikuja, na mimi sikuwasikiliza kwa sababu nilikuwa nasikiliza deki. Sikutafuta sababu nyingine, kwa kuwa haikuwepo.

Aliizungusha bakora yake ardhini. Kisha akasema, "Nimepeleka barua za posa tangu nina meno yote. Nimekataliwa. Nimefukuzwa. Kuna nyumba nimekimbizwa na mbwa, kanzu imechanika huku. Lakini kulizwa na redio, bado."

"Si redio, ni deki."

Akanitazama.

"Na yule nyuma ya blanketi, aliyekuwa anavuta kamasi, ni nani?"

"Yumo kwenye CD."

"Kafiwa?"

"Hapana. Anapiga fidla."

"Basi apenge kwanza ndipo apige!"

Nikacheka, nikashindwa kujizuia, naye mabega yakaanza kumtikisika. Alipomaliza akafuta macho kwa ncha ya kanzu, kama jana yake. Akasema watarudi Jumamosi inayofuata, kwa sharti moja. "Makochi yawe ndani. Mimi magoti yangu hayaketi chini tena kwa ajili ya mwanamke anayekaanga sambusa."

Wiki ile nilifanya kazi peke yangu, sikutaka kusaidiwa. Nilirudisha makochi, nikakunja mikeka, nikateremsha mablanketi. Pembetatu ya chaki niliisugua kwa brashi. Kabati lilikuwa gumu kutoka kuliko lilivyoingia, na kikombe kimoja kilipasuka mkono. Nilimpelekea mke wangu kile kikombe kabla hajakiona mwenyewe. Akakigeuza, akasema kitatosha kuwekea vijiti vya meno.

Jumamosi wakaja, watatu walewale. Mke wangu aliwapokea mlangoni, na mshenga akamsalimia mara mbili, kama mtu anayehakikisha. Wakakaa kwenye makochi. Barua ikatoka mfukoni, ikafunguliwa, ikasomwa. Kawaida jibu halitoki siku hiyo, lakini mshenga akasema kwa kuwa wamekuja mara ya pili, na ya kwanza walizika, wangependa kuondoka na neno la binti.

Kwa desturi wanawake ndio huenda kumuuliza. Niliomba niende mimi.

Nilimkuta jiko la nje, amenipa mgongo, yuko kwenye karai la mafuta.

"Mwanangu," nikasema.

Hakugeuka. Aliinua kidole.

Nikasimama. Sambusa zilikuwa zinatoa mapovu zaidi upande wa kushoto wa karai kuliko wa kulia. Alizitoa moja moja, akazipanga kwenye sinia, akachuja mabaki, akapunguza mkaa. Alikuwa na haki ya kukaanga ndoo nzima ningali nimesimama pale.

"Haya sema, baba."

Nikamuuliza. Akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

"Si mama alishakwambia?"

"Nataka nisikie kwako."

Akanijibu. Jibu halikuwa refu, na lilichanganyika na kicheko, lakini nilimwomba alirudie ili nisikosee.

Nikarudi sebuleni. Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo.

"Ngoja," mshenga akasema. Alikuwa anaitazama spika ya kushoto. "Hiyo redio umeizima?"

"Nimeizima."

"Chomoa kabisa."

Nikaenda ukutani nikachomoa waya, nikauweka juu ya kabati la vyombo ambapo angeweza kuuona. Kisha nikaketi, nikawaambia alichosema binti yangu, neno kwa neno.