Kiti Kilichomngoja Mwenyewe

Kiti chenyewe kipo mpaka leo. Ukija kanisani kwetu Sindeni utakiona pale mbele, kina kitambaa cheupe tulichokifuma sisi wakina mama. Ni cha mchungaji. Hakikaliwi na mtu mwingine, hata mtoto akikisogelea anatolewa jicho. Sasa ngoja nikwambie siku kilipokaliwa. Leo nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe. Alikuwa anaimba kwaya, sauti ya kwanza, ukimsikia unasahau njaa. Akapata mimba. Haya, yametokea. Wazee wa kanisa wakamtoa kwaya, wakamtenga. Akajifungua mtoto wa kiume, mzuri huyo, mashavu kama maandazi! Na kwetu mtoto habatizwi mpaka mama yake arudi kundini. Kurudi kundini ni hivi: unakalishwa kwenye kibenchi kifupi mbele ya watu wote, wanakutazama, unawatazama, halafu unasema kosa lako kwa mdomo wako. Wasichana nimewaona wengi kwenye kile kibenchi. Mvulana sijamwona. Utadhani mimba zinaletwa na upepo!

Na mvulana tunamjua, kijiji kizima. Siku za kazi yuko Segera anauzia abiria maji ya chupa, Jumapili yuko kanisani anapiga kinanda cha kwaya ile ile, shati limenyooka. Baba yake ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa. Sasa nani aseme?

Jumamosi jioni tunachambua mchicha, mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, kesho nitakaa, kwa ajili ya mtoto. Lakini wakinikalisha peke yangu na yule yuko pale anapiga kinanda, nikitoka sirudi tena kanisani. Wala mtoto harudi."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimeshasema, bibi."

Huyo akisema amesema. Mimi kanisa ndiyo nyumba yangu, na yeye ndiye roho yangu. Sikulala.

Mchungaji alikuwa mgeni, Msambaa wa kule Lutindi. Anahudumia mitaa mingi, kwetu anakuja mara moja moja na pikipiki yake, na mguu mmoja mbovu, alishaanguka nayo. Asubuhi nikamfuata pale anajipangusa vumbi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo mjukuu wangu anakaa kibenchi."

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa nusu. Hivi huko kwenu milimani mimba huwa ya mtu mmoja?"

Wala hakucheka. "Jina usinitajie, bibi. Simhukumu mtu kwa maneno ya jikoni." Akaingia zake ndani. Nikabaki nimevimba kama chura. Nikasema, huyu naye ni wale wale.

Mahubiri sikusikia hata neno. Ikafika saa yenyewe. Mzee mkubwa akasimama, "Yule binti apite mbele." Mjukuu wangu akapita, mtoto mgongoni, akakaa. Kanisa limejaa mpaka majirani zetu Waislamu wamesimama madirishani, maana habari ilikuwa imetembea. Yule kijana yuko kwenye kinanda, karibu tu, anatazama vidole vyake.

Mchungaji akainuka. Akashika kiti chake kile, akakiburuta huku anachechemea, miguu ya kiti inakwaruza sakafu, akakiweka ubavuni kwa kibenchi.

"Mchungaji," mzee mkubwa akasema, "hicho ni kiti cha madhabahuni."

"Najua, mzee wangu. Ndicho kizuri tulicho nacho." Akatugeukia. "Dada huyu hatasema neno mpaka mwenzake akae hapa. Mimi simtaji, na ninyi msimtaje. Anajijua. Akija hapigwi, hachekwi, nitasimama naye. Tunangoja."

"Tunangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aje."

"Na asipokuja?"

"Mtanikuta nimesimama."

We! Tukangoja. Nje kuku anaparura, juu bati linalia kwa jua, ndani hata kikohozi hakuna. Mtoto akaanza kulia. Mjukuu wangu akamtoa mgongoni akamnyonyesha pale pale, uso hajauinamisha. Mchungaji mguu unamtetemeka, amejishikilia kwenye kiti, lakini hakai. Nyuma kule mfugaji mmoja, ana shuka lake jekundu, akapaza sauti, "Mchungaji, ng'ombe wana kiu!"

"Kawanyweshe, baba, utatukuta."

Hakutoka. Nani atoke?

Mara nikaona mjukuu wangu anamrudisha mtoto mgongoni. Anakaza kanga. Anatazama mlango. Nikajua basi, anakwenda, na akivuka kile kizingiti nimempoteza.

Upande wetu wa wakina mama, mtu akainuka. Mke wa mzee mkubwa! Akapita katikati mpaka mbele, akakaa kwenye kiti cha mchungaji, kitambaa na kila kitu. Watu wakaguna, "Hii!"

"Mama watoto, inuka!" mumewe akasema. "Unaniaibisha."

"Siinuki. Mwenyewe haji, nakaa mimi niliyemzaa. Mtoto huyu ni wa kwetu, na wewe unajua. Usiku unagaagaa kitandani unadhani nimelala?"

Kinanda kikalia piii, kijana amekigonga kwa kiwiko. Akaja. Akasimama mbele ya mama yake, jasho linamtoka.

"Mama, inuka. Hapo ni pangu."

Mama akainuka, kijana akakaa. Alivyokuwa anatetemeka, kiti kinagonga sakafu. Mchungaji hakuwataka waeleze lolote. Aliuliza tu, "Mnatubu?" Wote wawili wakasema ndiyo. Halafu akamwita mzee mkubwa, kwa upole, kama anamwita baba yake: "Mzee wangu, njoo. Mguu umenishinda, niegemee kwako." Mzee akaja, kichwa chini. Mchungaji akamwekea mkono begani, akaegemea kweli, na wala hakumwambia neno la kumchoma.

Mzee akasafisha koo. "Basi waoane."

"Dada, unasemaje?"

"Simtaki, mchungaji."

Kanisa zima likacheka, mpaka madirishani! Mchungaji naye akacheka. "Hulazimishwi. Ila mtoto ana baba, na baba ana mikono." Akampa kijana mtoto amshike wakati wa ubatizo. Alivyomshika, utadhani kabeba tikiti maji! "Kichwa!" mjukuu wangu akamkemea pale pale mbele. "Shika kichwa, wewe!"

Njiani kurudi nyumbani nikaogopa kumwuliza. Natembea tu, nasalimia kila mti. Akaongea mwenyewe.

"Bibi, mazoezi ya kwaya siku hizi wanaanza saa ngapi?"

Nikamwambia sijui, nitakuulizia. Nilikuwa najua vizuri sana. Nikatangulia mbele haraka haraka, asinione machozi.