Lehemu ya Mkono Mwingine

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Alipostaafu akajitumbukiza mzimamzima kwenye kile alichokipenda tangu ujana: gramafoni za zamani, redio za valvu, amplifaya nzito kama mifuko ya saruji, mashine za tepu ambazo waliozitengeneza walikwisha kufa na viwanda vyao vikageuzwa maghala. Aliwasha spika, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbeya dirishani, kisha akasema, "Kapasita ya pili kutoka kushoto imechoka." Ukifungua, ni hiyo hiyo.

Kila Jumamosi alasiri wapenzi wa vyombo hivyo walikusanyika sebuleni kwake. Hawakuwa wengi. Alikuwapo kinyozi wa pale kona, aliyerithi mashine ya tepu kwa baba yake. Alikuwapo karani wa posta, mama mpole mwenye santuri mia nne na mume asiyeipenda hata moja. Wengine walikuja na kupotea. Mwenye sindano mbili za gramafoni alimpa asiye nayo, mwenye mkanda wa mpira wa ziada aliuacha mezani, na aliyeuchukua hakuulizwa ataurudisha lini. Mtu mmoja tu hakukanyaga pale. Huyo ni mwalimu mstaafu wa fizikia, jirani wa mitaa mitatu kutoka hapo, ambaye miaka kumi na mmoja nyuma alisema mbele za watu kwamba amplifaya ambayo Sikio aliisuka kwa miezi minane "inaimbia puani". Tangu siku ile wawili hao walisalimiana misibani tu.

Mke wa Sikio hakuwa na habari na muziki wao. Vyombo vile aliviita makabati yanayoimba, na alivifuta vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto wa jirani mkorofi. Lakini alikuwa wa kwanza kujua.

Uziwi haukumjia mumewe kwa siku moja. Ulianza kwa kuchukua ndege wa asubuhi, ukachukua birika linapochemka, ukaja kuchukua ncha za maneno, hadi mtu akisema "kesho" yeye anasikia upepo. Alikwenda kwa daktari peke yake, kwa siri. Akapewa kidude cha kuvaa sikioni kilichomvumia kama nyuki ndani ya debe, akakifungia kwenye droo ya misumari.

"Waambie wenzako," mkewe alimwambia, akiwa amemshika kidevu ili amwangalie mdomo.

"Niwaambie nini? Kwamba Sikio amekuwa kiziwi?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Siku nitakayowaambia, ndiyo siku nitakayokaa kusubiri kufa. Watakuwa wanakuja kunipa pole. Mimi sitaki pole."

Mkewe hakumwambia tena. Jumamosi iliyofuata alivuta kigoda, akaketi ubavuni mwa mumewe, akaweka mkono juu ya goti lake. Kinyozi akatania kwamba mapenzi ya uzeeni hayana aibu, watu wakacheka, na Sikio naye akacheka alipoona meno yao. Kidole cha mkewe kikibonyeza goti mara moja, sauti ni safi. Mara mbili, kuna mvumo. Mara tatu, umeulizwa swali, itikia. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini hakutofautisha mvumo na wimbo alijifunza kusikiliza akiwa na miaka hamsini na minane, kwa ajili ya mtu mwingine. Na Sikio, ili asiulizwe maswali, akawa msemaji. Alizungumza mfululizo kama bomba lililopasuka, na watu wakasema kustaafu kumemchangamsha.

Hivyo ndivyo walivyoishi karibu miaka miwili.

Ikaja Jumanne moja, asubuhi ya saa tatu. Sikio alikuwa kwenye meza yake ya kazi, mgongo ukiielekea korido, anabadilisha waya wa amplifaya ya karani. Mkewe aliingia bafuni kufua, akateleza kwenye povu, akaanguka. Nyonga ilivunjika na kichwa kikagonga ukingo wa sinki. Kutoka bafuni hadi mezani ni hatua sita. Mlango ulikuwa wazi.

Aliyemsikia ni mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo uani kwake. Alizunguka mbele, akabisha, akabisha tena, akapiga mlango kwa ngumi. Mwishowe akausukuma akaingia, akamkuta Sikio ameinama juu ya kazi, moshi wa lehemu unapanda taratibu mbele ya uso wake. Akamgusa bega. Sikio aligeuka akitabasamu, kama mtu aliyepata mgeni.

Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa amelala pale sakafuni kwa muda gani. Sikio alimsoma mdomo vizuri tu. "Dakika chache," akajibu. Jirani alikuwa amesimama karibu, akamtazama, akainamisha macho. Watu walipouliza ilikuwaje asisikie, Sikio alisema alikuwa amefungulia spika kwa sauti ya juu, anapima. Jirani alijua kwamba nyumba ile ilikuwa kimya kama kisima. Akamfichia.

Mkewe aliishi siku nne. Siku ya tatu alimshika mumewe mkono, akasema jambo. Midomo ilikuwa imevimba na mpira wa hewa umeivuta upande, na Sikio hakupata hata neno moja. Angeweza kumwita muuguzi amsikilizie. Badala yake alifanya alichozoea kufanya kwa miaka miwili: aliitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Mkewe akamtazama kwa muda, akafumba macho. Alichosema, au alichouliza, kiliondoka naye.

Baada ya maziko binti yao wa pekee alirudi mjini kwake, mbali, na Sikio akabaki na makabati yake. Hakuyawasha. Alitegemea wale wa Jumamosi wangetawanyika, lakini kila mmoja alikuja na mzigo mikononi. Kinyozi alileta mashine yake ya tepu, karani akaleta gramafoni ya mkono. Hakuna aliyemwambia apige moyo konde wala aliyetaja mapenzi ya Mungu. Waliweka vitu mezani wakasema kimeharibika, tusaidie. Naye akatengeneza, kwa sababu mikono inayofanya kazi haitetemeki. Chombo kilipokwisha walikichukua, na wiki iliyofuata walikuja wakisema kinalia vizuri ajabu. Alikuwa hana tena kidole gotini. Akawaamini.

Mwezi wa tatu baada ya maziko karani alileta amplifaya ile ile ya Jumanne. Safari hii kweli ilikuwa imeanguka, kona imebonyea. Sikio alifungua kifuniko, akavaa miwani, akakaa akiangalia kwa muda mrefu.

Fundi huijua lehemu yake kama mwandishi anavyoujua mwandiko wake. Ya Sikio ilikuwa vitone vidogo vya kung'aa, kama punje za mtama. Humu ndani viungo vinne vilikuwa vikubwa, vimelala ubavu, na waya umezungushwa mara mbili kabla ya kushikwa. Mtu mmoja tu aliyemfahamu alizungusha waya mara mbili. Aliomba mashine ya kinyozi kwa kisingizio cha kuipaka mafuta, akaifungua. Mkono ule ule.

Alasiri hiyo hiyo alijikokota mitaa mitatu.

Mwalimu alifungua mlango, akamwona ni nani, akarudi nyuma kumpisha. Hakusema neno mpaka walipofika sebuleni. Hapo alikwenda kusimama mbele ya dirisha, akageuka hadi mwanga ukampiga usoni, kisha akasema polepole, "Karibu, Fundi."

Sikio alielewa kabla ya kuketi. Mtu asiyejua hasimami hivyo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka na miezi saba."

"Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Kwa hiyo kila ninachokitengeneza kinapita hapa."

"Si kila kitu. Kwa kawaida kazi yako haina kasoro. Ila pale panapotaka sikio."

Sikio alisema hakuomba msaada wa mtu, na kwamba kumfanya mtu mzima kuwa mtoto si wema, ni dharau iliyovishwa nguo safi. Alisema mengi, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe hakujua kama anapiga kelele. Mwalimu alimngoja amalize.

"Mimi nisingethubutu," Mwalimu alisema. "Wewe na mimi hatukuwa na urafiki huo. Mkeo ndiye aliyekuja."

"Alikuja wapi?"

"Hapa. Kwa miguu, amebeba amplifaya ndani ya kikapu cha nguo. Nikashangaa imefikaje. Akaniambia, 'Shemeji, mimi nasikia kuna mvumo lakini sijui unatoka wapi, na nimemwambia mume wangu sauti ni safi kwa sababu leo ana homa na sikutaka ahangaike. Tafadhali iondoe. Na usimwambie.' Nikaiondoa. Akaja tena. Baadaye nikazungumza na karani na kinyozi ili asiwe anabeba."

Sikio aliketi. Kwa muda aliangalia sakafu, na mtu asiyesikia anapoangalia sakafu hakuna awezaye kumsemesha. Alipoinua uso aliyasema yale ambayo hakumwambia daktari wala binti yake: kwamba hakukuwa na spika iliyowashwa, na kwamba hatua zilikuwa sita.

Mwalimu hakumwambia si kosa lako. Alivuta kiti, akakisogeza hadi kwenye mwanga.

"Siku ile alipokuja na kikapu," alisema, "ilinipasa nimkatae. Ningemwambia, mama, rudi kamwambie mumeo aseme ukweli. Angeudhika, lakini ungelazimika kusema. Na tungejua sote, na mtu angewawekea taa. Maikrofoni na taa. Mtu akiita, inawaka. Nimefundisha watoto wa shule kuunda kitu hicho. Ni kazi ya saa mbili, Fundi. Niliona ninawatendea wema. Niliusikia utamu wa wema. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Tuko wawili."

Hayo hayakumfariji Sikio. Alirudi nyumbani akiwa mzito kuliko alivyotoka. Sasa alijua si tu kwamba mkewe aliita bila kuitikiwa. Alijua pia kwamba alikufa kwa kumfichia aibu, na kwamba watu wema watatu walimsaidia kuificha.

Siku kumi baadaye walikuja wote watatu na taa. Maikrofoni ilitoka kwenye mashine ya tepu ya kinyozi, ile ya urithi, ambayo sasa isingeweza kurekodi tena. Transfoma karani aliing'oa kwenye redio yake ya kwanza. Valvu mbili alizitoa Mwalimu, na Sikio alizitambua upesi, kwa maana jozi kama ile ilikuwa imebaki moja tu katika mji mzima na wote waliijua. Wakafunga balbu ukutani mbele ya meza ya kazi. Kinyozi alipiga kofi koridoni, taa ikawaka.

Sikio aliwashukuru kwa adabu. Walipoondoka alichukua fulana kuukuu akaifunika taa, na ikakaa hivyo wiki tatu, kwa sababu kila ilipowaka aliona ni saa tatu ya Jumanne.

Aliyeifunua ni yeye mwenyewe, asubuhi moja, bila sababu anayoweza kuieleza. Siku hiyo ikawaka, na mlangoni alikuwa mama wa nyumba ya pili amekuja kuazima ngazi. Sikio hakumpa ngazi. Alimwomba akae.

"Shemeji, niambie ukweli. Aliita muda gani?"

Jirani aliangalia mikono yake, kisha akakumbuka akainua uso. "Karibu saa nzima. Mwanzoni nilidhani mnazungumza tu. Nisamehe na mimi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuita jina. Halafu akaacha kuita. Akawa anagonga ndoo."

Sikio aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia, na safari hii alikuwa amesikia kweli. Mama yule alikaa naye mpaka adhuhuri, akasahau ngazi.

Jumamosi aliwaambia wote kwa mdomo wake, akiwa amesimama: kwamba yeye ni kiziwi, na jinsi mkewe alivyokufa. Hakuna aliyelia wala aliyempapasa bega. Karani alihamisha kiti chake kikamwelekea, na wengine wakafuata, hadi kila uso ukawa mbele yake. Kuanzia hapo alifanya kazi na Mwalimu, wakigombana kwa maandishi kwenye ubao mdogo kuhusu lehemu na waya. Vyombo walivyotengeneza vilitumiwa na wengi. Yeye hakugusa tena kitufe cha kuongeza sauti; kusikiliza aliwaachia wengine.

Sikio alimwandikia binti yake ukweli wote katika barua ya kurasa tano, akiwa ameifuta na kuianza mara nyingi. Jibu lilikawia miezi minne. Lilikuwa na mistari miwili: nimesoma, na bado sijui niseme nini. Mwezi mmoja baadaye binti alikuja mwenyewe. Alikaa siku tisa. Siku mbili za kwanza alipika, akafagia, akalala, bila kumtazama baba yake usoni. Siku ya tatu aliketi mkabala naye mezani, akasogeza amplifaya kando, akaanza kumuuliza, polepole, swali moja baada ya lingine. Na baba akajibu yote.