Damu Ambayo Haikupimwa

Miaka yote ya kutafiti kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukishaambukizwa kirusi fulani, daktari alitumia damu yake mwenyewe kama mfano wa damu ambayo kirusi hicho hakijawahi kuigusa. Leo mwenzake wa maabara aliipima, akaikuta imejaa kingamwili za kirusi hicho hicho. Matokeo yote aliyochapisha yakakosa pa kusimama.

Alimkuta mama yake jikoni akiosha vikombe.

"Mama, niliwahi kuugua ugonjwa huu ninaoutafiti? Damu yangu niliyoitegemea inaonyesha niliugua, na kesho lazima niwaeleze wenzangu kosa hilo."

"Ulikuwa mdogo. Watu waliuita ugonjwa wa wachafu, nikawaambia una homa tu. Na wewe, msomi mzima, hukujipima?"

Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze. "Sikujipima. Nilijiona msafi."

"Kesho utanitaja?"

"Sitakutaja, Mama. Nitawaambia hilo hilo, kwamba nilijiona msafi."