Dhahabu Isiyokwisha na Maji ya Bi Zaina

Neno lenyewe lilikuwa fupi. "Haya," nilimwambia Idi, ndani ya karakana ya mjomba wake pale mjini Lushoto, harufu ya risasi ya kulehemu ikiwa imejaa chumba kizima na bati likialika kwa joto juu ya vichwa vyetu. Idi alikuwa amenishauri nifanye kwenye mfereji wa kijijini kwetu jambo lilelile ambalo sisi wawili tulikuwa tunalifanya kwenye gemu. Ningeweza kucheka na kumwambia aache upuuzi. Ningeweza kunyamaza tu na kuendelea kufagia. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua, maana mwaka ule nilikuwa darasa la saba na nyumbani nilishaanza kutumwa kazi za watu wazima. Lakini nilikubali, na sasa kichwa changu ni cheupe na magoti yamechoka na hii milima, na sijapata namna ya kulirudisha neno lile.

Mjomba wa Idi alikuwa fundi redio. Mgeni mmoja aliyekuwa akihama alimwachia kisanduku cha kijivu kilichoungua, pamoja na kaseti moja ya gemu, akidhani ni takataka. Mjomba alikifumua, akakibadilishia vitu ndani, akakiunganisha na runinga ya mteja ambaye hakurudi kuichukua, na kikawaka. Yeye mwenyewe hakukipenda. Alituruhusu mimi na Idi tucheze mchana baada ya shule, kwa masharti kwamba tufagie karakana na tusiguse waya wowote. Gemu lilikuwa la kijana aliyetoka kijijini kwake na upanga wa mti, akizunguka milimani na kwenye mapango, akipigana na madude na kuokota dhahabu kidogo kidogo. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Tulikuwa na kamusi iliyokatika jalada, Idi akisoma mimi nikibonyeza, na nadhani Kiingereza nilichokwenda nacho sekondari nilikipata zaidi pale kuliko darasani. Kilichotufurahisha ni kwamba gemu lilikumbuka ulipoishia. Ukizima leo, kesho unamkuta kijana wako amelala kwenye nyumba ya wageni ileile, na dhahabu yake ileile mfukoni.

Kwa muda mrefu tulikuwa maskini mle ndani. Kulikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa na kipara na ndevu, tukamwita Mangi. Mangi aliuza ngao ya shaba ambayo bei yake ilitutoa jasho. Tulipigana na vidude vya msituni siku nyingi, tukifa, tukirudi, tukilala kwenye zizi badala ya nyumba ya wageni ili kubana matumizi. Siku tuliyoinunua ngao ile Idi alisimama juu ya kigoda akapiga vigelegele kama mwanamke ambaye jirani yake amejifungua salama, mpaka mjomba akachungulia na koleo mkononi. "Mmeshinda?" akauliza. "Hapana mjomba, tumenunua ngao." Mjomba akatutazama kwa huruma, akarudi kwenye redio yake. Sijui kama nimewahi kumiliki kitu kingine nilichokifurahia kiasi kile, na nimewahi kumiliki nyumba.

Kisha Idi akagundua tundu. Ndivyo tulivyoliita. Ukijaza mfuko wa kijana mpaka usiwe na nafasi hata moja, halafu ukamuuzia Mangi ngao uliyoivaa, Mangi analipa, lakini ngao haitoki mwilini. Unamuuzia tena, analipa tena. Anashukuru kila mara kwa maneno yaleyale, na hajui kwamba hajapokea kitu. Tulimuuzia ngao moja mchana kutwa hadi tarakimu za dhahabu zikawa tisa tupu, zikagoma kupanda. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukanunua upanga mkubwa kuliko yote, na madude yaliyokuwa yakitutesa yakawa yanaanguka kwa pigo moja. Baada ya siku chache hatukuwa na cha kununua, wala wa kumwogopa. Tulilimaliza gemu bila hata kufungua kamusi. Ninakumbuka tulivyokaa tukiitazama runinga, na Idi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba vibaya, "Sasa?"

Jibu la swali lile ndilo lililoniharibia. Idi alikuwa mtoto wa mjini, lakini alikuwa ananisikiliza nikilalamika kuhusu mfereji. Kijiji chetu kiko bondeni, unashuka kutoka mjini mpaka unaanza kuona tambarare ya Mazinde kule chini, nyeupe kwa vumbi. Katika kiangazi kile kati ya mvua za vuli na masika, kabichi na nyanya za watu wote zilitegemea mfereji mmoja wa udongo uliochimbwa na mababu, na mfereji ulikwenda kwa zamu. Baba yangu ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Hakulipwa. Alichaguliwa kwa sababu watu waliamini kwamba Baba Hemedi hatamwonea mtu, na Hemedi huyo ni mimi. Sheria ilikuwa ya mdomo na kila mtoto aliijua. Anayemaliza zamu anapanda kwenye mgawanyo wa maji na kumwita mwenye zamu inayofuata, "Mazi! Mazi!", yaani maji kwa Kishambaa. Yule wa chini akiitika, unaziba upande wako kwa udongo na vipande vya mgomba, unamfungulia. Asipoitika, humfungulii, kwa sababu maji yasiyo na mtu wa kuyaongoza yatabomoa matuta. Yanabaki kwako mpaka aitike, au mpaka kivuli cha jabali lililo juu ya bonde, ambalo ndilo lililokuwa saa yetu, kifike mahali ambapo zamu yake nayo inaisha.

"Sasa ukiita polepole?" Idi akauliza. Nilimwambia hakuna mtu anayeita polepole. "Ndiyo maana ni tundu," akasema. "Unaita, sheria imetimia. Hakuitika. Kosa la nani? Hebu acha woga, we mtoto wa mzee wa maji na kabichi zenu zimesinyaa kama masikio ya mbuzi." Hapo ndipo nilipokubali.

Baada yetu zamu ilikuwa ya Bi Zaina, mjane aliyelima nyanya peke yake kwenye matuta ya chini. Kila juma nilipomaliza, nilipanda kwenye mgawanyo, nikaweka viganja mdomoni kama inavyotakiwa, nikaita kwa sauti ya mtu anayemsemesha paka. Kisha nikakaa kwenye nyasi huku maji yakiendelea kuingia kwetu. Kivuli kikishasogea sana ndipo nilipoita kweli, na Bi Zaina akaja mbio na jembe, akipata mabaki. Mwanzoni moyo ulinidunda. Halafu ukaacha. Nilijiambia kwamba maji si ya mtu, yanatoka mlimani na yatakuja tena kesho, kama dhahabu ya Mangi. Kabichi zetu zilifunga vizuri. Baba alizipapasa akaniambia, "Mwaka huu umenisaidia, mwanangu," na mimi nikatazama chini, akadhani ni adabu.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba watu wangetafuta sababu. Nyanya za Bi Zaina zilipoanza kunyauka, wakasema haitiki akiitwa. Aliyesemwa haitiki akaanza kusemwa hasikii. Wanawake wenzake walimtania njiani kuelekea gulioni, "Bi Zaina, masikio umemwachia nani?" Naye alicheka pamoja nao, lakini nilimwona akianza kugeuza kichwa upande mtu akimsalimia, na kusema "Ee?" hata kwa maneno aliyoyasikia. Nilimwamkia siku moja, shikamoo Bi Zaina, akasogea karibu akanishika bega. "Marahaba. Niambie tena, mwanangu, nione kama nimekusikia sawasawa." Alikuwa ameshaamini kwamba anakuwa kiziwi. Mimi nilikuwa nimemfanya aamini, na nikarudia shikamoo kwa sauti kubwa zaidi.

Wenye mashamba wakakutana. Wakasema zamu ya mtu asiyesikia inapoteza maji, afadhali apewe mwingine, yeye agawiwe kidogo mwishoni. Baba aliniita mbele ya wote. "Hemedi, unamwita Bi Zaina?" Nikasema, "Namwita, baba." Haukuwa uongo. Tundu ndivyo lilivyo, kila kitu kiko sawa ukikiangalia kimoja kimoja. Baba akaniangalia kidogo, kisha akawaambia watu, "Mwanangu amesema anamwita, basi anamwita." Akamwondolea Bi Zaina zamu yake. Bi Zaina hakubisha. Jioni ile alikuja nyumbani na nilimsikia barazani akisema taratibu, "Baba Hemedi, sijaja kulalamika. Ila nasikia jogoo wa ng'ambo. Nasikia mashine ya kusaga kule juu. Nimeshindwa kuelewa ni masikio gani haya yasiyomsikia mtoto mmoja tu." Akaomba apewe juma moja la mwisho ajaribu.

Juma hilo baba alisema anakwenda mjini. Nilipanda kwenye mgawanyo, nikaweka viganja mdomoni, nikanong'ona. Nilipoinua macho nilimwona baba kule chini, amesimama kwenye matuta ya nyanya kando ya Bi Zaina, kofia mkononi, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mahubiri. Alikuwa ananitazama. Hakukimbia. Alipanda mlima kwa mwendo wake wa kawaida, na mimi sikuweza kuondoka. Alipofika alisimama akavuta pumzi, hakunigusa, akasema, "Ita." Nikaita kwa sauti ndogo ileile. "Ita kama unavyojua kuita." Nikaita kwa nguvu zangu zote, bonde likajaa sauti yangu, na kutoka chini Bi Zaina akajibu papo hapo, kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu, "Nimekusikia! Nimekusikia, mwanangu!" Akacheka. Alikuwa bado hajaelewa. Baba akaugeuza uso akatazama jabali.

Siku iliyofuata aliwaita watu, akawaeleza yote, akamwomba Bi Zaina radhi yeye mwenyewe kabla hajanisukuma mbele niombe ya kwangu, na akauacha usimamizi wa mfereji. Zamu yetu ya msimu mzima alimpa Bi Zaina. Kabichi zetu zilikauka tukiziona. Karakana sikurudi tena. Idi aliendelea na maisha, ana duka la simu Tanga, na nilipomkumbusha mambo haya msibani miaka ya karibuni, alikumbuka gemu, na mfereji hakuukumbuka kabisa.

Siku hizi bondeni kwetu kuna pampu na mabomba ya plastiki. Mwenye mafuta anamwagilia anapotaka, na hakuna anayemwita mwenzake. Mjukuu wangu hucheza gemu kwenye simu, na juzi alinionyesha jinsi alivyopata sarafu zisizokwisha. "Babu, ona, hata nikinunua kila kitu hazipungui!" Nilimwambia ni vizuri, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikujua niseme nini kingine. Gemu halikunikosea kitu. Mangi alikuwa picha, hakupata hasara, hakulala na njaa. Mimi ndiye niliyetoka mle ndani nikidhani watu nao ni Mangi.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale. Hakuwahi kunipiga kwa kosa lile wala kulitaja tena. Alinisomesha sekondari, akaniozesha, akacheza na watoto wangu. Lakini tangu siku ile, kila aliponituma jambo, alimtuma pia mdogo wangu kwenda kutazama kama nimelifanya. Niliona, naye alijua kwamba naona. Nilifanya kazi, nikatunza neno langu, nikamuuguza kwa mikono yangu mwenyewe, na hata siku ya mwisho nilipomwambia nimeshampa dawa, alimgeukia mdogo wangu akamuuliza kama ni kweli. Nilipoteza imani ya baba yangu kwangu, na alizikwa kabla sijairudisha.